Nyanya Alivyowahamisha Majirani

Wiki iliyopita nilikwenda Wheaton, mji mdogo huku Marekani, kununua viatu. Nilipanda ile ngazi ya umeme ya kituo cha treni, ndefu mpaka ukifika juu umesahau ulikuwa unakwenda wapi, na nilipotoka nje kwenye mwanga nikasimama ghafla. Kando ya barabara mtu alikuwa amepuliza rangi nyekundu kwenye lami: mstari, mshale, na herufi mbili tatu zisizo na maana kwa mpita njia. Watu waliikanyaga na kuendelea na safari zao. Mimi niliikwepa. Mwanamke mzima, mwenye kazi na funguo za gari, nilizunguka mstari wa rangi kama mtoto anayezunguka mbwa aliyelala, kana kwamba bado nina miaka tisa. Basi kaa hapa, rafiki yangu, nikusimulie ilivyokuwa.

Tulikaa karibu na hapo, miaka ile ya elfu mbili na kitu, katika majengo ya matofali mekundu ya ghorofa tatu tatu, yaliyojengwa kabla mama yangu hajazaliwa. Wakati wa baridi mabomba yaligonga ukutani usiku kucha. Mashine za kufulia zilikuwa chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, na kila nilipotumwa chini na kikapu cha nguo nilipanda tena ngazi mbiombio nikihisi kitu kinanifuata. Mimi nilikuwa mwoga tangu kuzaliwa, nakiri mapema usije ukasema nimetia chumvi. Lakini ngazi zenyewe, kuanzia mlango wa nje hadi juu, zilikuwa tamu. Zilinuka chapati zetu, na pondu, yale majani ya muhogo, na samaki wa chumvi wa jirani yetu wa chini, na mahindi yaliyokaangwa na familia ya El Salvador iliyokaa mlango wa pili. Jumapili, watu wakitoka makanisani, walikaa kwenye ngazi hizo na vikombe vya chai, wakikwangua kadi za simu za kupigia Kenya na kusomeana namba kwa sauti. Ukitaka kupita ilikubidi uruke magoti ya watu na kuamkia kila mmoja.

Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, kazi ya kuinua na kuogesha, akitoka alfajiri na kurudi amechoka hata kuvua koti. Baba aliendesha malori ya masafa marefu na tulimwona kwa nadra kama mvua ya Turkana. Kwa hiyo aliyenilea hasa ni Nyanya, mamake Mama, aliyeletwa kutoka Nairobi kwa kazi hiyo. Alipika githeri kila Jumatatu, sufuria kubwa, mahindi na maharagwe yakichemka tangu asubuhi mpaka madirisha yakatoka jasho. Alinisemesha Kiswahili, nami nikamjibu Kiingereza, naye akajifanya hasikii mpaka nirudie kwa Kiswahili. Kwa ajili hiyo Mama alinipeleka pia kwa mwalimu wetu wa Jumamosi, katika chumba cha chini cha maktaba. Huyo mwalimu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa huku huku, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa mapenzi tu, na ndiye aliyetufundisha sisi watoto wa Wakenya lugha ya mama zetu. Nyanya alimcheka kwa upendo. Alisema mwalimu anaongea kama redio ya zamani, kila neno limepigwa pasi.

Mambo yalianza na mkutano. Tuliitwa sote, wakazi wa majengo yale, kwenye bwalo la shule, na watu wa mipango ya mji walikuwa wamesimamisha michoro mikubwa kwenye viegemeo vya mbao na kutandaza biskuti juu ya meza. Walisema eneo letu la karibu na treni litakua, watu wanaongezeka, na serikali kuu imekubali kutoa fedha. Majengo ya zamani yataondoka, mapya yatakuja, yenye maduka chini na miti mbele. Mwalimu wetu wa Jumamosi aliombwa awatafsirie wasemaji wa Kiswahili, akasimama mbele na kilemba chake cha kitenge.

"Sikilizeni vizuri sehemu hii," alisema. "Kila familia itakayokuwa inaishi hapa siku ya kupewa notisi itasaidiwa kuhama, na mradi ukikamilika itakuwa na haki ya kurudi kwa kodi inayoimudu. Lakini tafadhalini, asihame mtu kabla ya notisi hiyo. Atakayehama mapema atahesabiwa ameondoka kwa hiari yake, na haki hiyo atakuwa ameipoteza."

Nyanya akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, waulize kwa niaba yangu. Tungoje mpaka lini?"

Mwalimu akauliza. Bwana mmoja mwenye tai akajibu kwa adabu kwamba tarehe haijulikani, fedha zikitoka ndipo kazi itapangwa, labda mwaka ujao, labda baadaye. Nyanya alikaa chini, akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Hata wale wa kwetu hawakujua tarehe."

Ili uelewe alichomaanisha, lazima nikupe habari yake ya nyuma. Nyanya alikuwa na nyumba Nairobi, ya mbao na mabati, kando ya barabara iliyokuwa ikipanuliwa. Siku moja watu walipita wakichora alama ya X nyekundu kwenye milango. Chifu akawaambia wakazi wasihame, wangoje, mambo yako kortini. Wapo waliocheka agizo hilo na kuondoka siku hiyohiyo na vitanda vyao, milango yao, hata mabati. Nyanya alikuwa raia mwema, akangoja. Tingatinga lilifika asubuhi watu wakiwa kwenye kiamsha kinywa. Alitoka mbio na alichokuwa amekishika mkononi, sufuria ya chai, na mpaka mwisho wa maisha yake hakuelewa kwa nini aliokoa chai badala ya blanketi. Alikuwa akituhadithia huku akicheka, lakini mikono yake haikucheka. Ilishika ukingo wa meza.

Kwa hiyo neno "ngojeni", ambalo kwa watu wa mipango lilikuwa neno la kutulinda, kwake lilikuwa sauti ya tingatinga lenyewe.

Kiangazi, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa dirishani asubuhi moja wakati Nyanya akichambua maharagwe. Nikamwona mtu mwenye fulana ya manjano inayong'aa akitembea polepole kwenye nyasi zetu, akipiga mluzi, na mkononi ana fimbo yenye kopo la rangi kwenye ncha. Alitoka barabarani akichora mstari mwekundu nyuma yake. Mstari ulikata nyasi, ukapanda kwenye njia ya saruji, ukaja mpaka chini ya dirisha letu, na hapo akachora mshale ukielekea ukutani. Nilimwita Nyanya aje aone, nikidhani ni jambo la kufurahisha. Alikuja na ungo wake, akatazama chini, kisha akaurudisha ungo mezani kwa upole sana na kwenda kuzima jiko. Sikuwahi kuuona uso wake hivyo. Nilianza kulia kabla sijajua ninalia nini.

Mama aliporudi kazini alijaribu. "Mum, hiyo ni ya stima tu. Wana-mark mahali waya zinapita, ndio wasizikate wakichimba."

"Na wanachimba kwa nini?" Nyanya akauliza.

Mama akaanza kuvua koti. Ukweli ni kwamba walikuwa wakijiandaa kubomoa, si kesho, si mwaka ule, lakini kubomoa ndiko kulikokuwa mwisho wa mstari ule. Nyanya hakukosea jengo. Alikosea nchi.

Jumamosi akavaa sweta lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akanishika mkono. Alianza mlango wa chini na kupanda, kisha tukavuka kwenda majengo mengine, mlango kwa mlango. Kwa Wakenya wenzake alitumia maneno machache tu: "Mmeiona rangi? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilishanyolewa." Kwa familia ya El Salvador alinifanya mimi kuwa mdomo wake, nikasema kwa Kiingereza kwamba nyanya yangu anasema nyumba itavunjwa na wasingoje. Wote walimsikiliza, maana aliyeongea hivyo alikuwa mama mzee asiye na cha kuuza. Tena wengi wao walikuwa wametoka kwenye nchi ambako anayechelewa kutoka huachwa humohumo.

Jirani yetu wa chini, ambaye sote tulimwita Mama Mkongo, hakuhitaji hata kumaliziwa habari. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, miye siwezi kungoja," alisema. "Kule kwetu, bale balibakia kungoja, ni bo balikufa. Bon. Naenda kufunga mizigo."

Habari zilimfikia mwalimu wetu wa Jumamosi, akaja kwetu akihema. Alimsalimu Nyanya "shikamoo", salamu ambayo Nyanya, mtu wa bara, aliipokea kila mara kwa kusitasita kama zawadi asiyoijua matumizi. Alieleza tena habari ya notisi. Akaeleza rangi: nyekundu ni umeme, buluu ni maji, manjano ni gesi. Mwisho, kwa upole, akasema, "Bibi, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Hiyo methali umeisoma vizuri, mwalimu," Nyanya akamjibu. "Lakini huyo nyoka alimtafuna wapi, kama si kwenye nyasi?"

Mwalimu alikunywa chai yake yote na hakusema methali nyingine.

Wakaanza kuondoka. Magari ya waumini yalikuja, ya wazi nyuma, yakabeba makochi na magodoro. Mama Mkongo na wanawe walikwenda Lanham, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya ndugu. Wengine walikwenda Fairfax, wengine hata sikujua wapi. Mama aligoma. Alisema ameyasikia ya mkutano kwa masikio yake, Kiingereza na Kiswahili, na kwamba hakuvuka bahari ili aishi kwenye vyumba vya chini vya watu. Alitaka kurudi kwenye nyumba mpya, yenye treni mlangoni na karibu na kazi yake, na iwe haki yake, si fadhila ya mtu. Wakabishana jikoni huku wakiamini kwamba siwasikii.

"Basi nipe mtoto niende naye."

"Mtoto haendi, Mum."

"Basi nami siendi," Nyanya akasema. "Siku hiyo ikifika, huyu hataikuta peke yake."

Hivyo ndivyo aliyewatoa watu wote alivyobaki yeye.

Sijui kama nitaweza kukueleza miezi iliyofuata. Ngazi zilinyamaza. Harufu za watu zilitoka moja baada ya nyingine mpaka zikabaki zetu, na hata zetu zikapungua, kwa sababu Nyanya aliacha kupika githeri. Alisema maharagwe hayakimbii na mtu. Alipika ugali, mayai, sukuma wiki, vitu vya kuepua haraka, na sufuria ikishamaliza kazi aliiosha, akaikausha na kuirudisha kwenye shuka lililofungwa mafundo karibu na mlango, pamoja na Biblia na mablanketi. Nilivaa viatu ndani ya nyumba mchana kutwa. Alinifundisha nikisikia mashine nisishike kitu chochote, hata daftari, nitoke tu kwa mlango wa nyuma. Kila lori la taka lilipokuja asubuhi likirudi kinyumenyume na ule mlio wake wa pii, pii, pii, mwili wangu ulikuwa mlangoni kabla akili haijafika. Shule zilipofunguliwa niliogopa zaidi. Basi la shule lilipokaribia kona yetu nilifumba macho, kwa sababu niliamini kwa moyo wote kwamba siku moja tutapinda hapo na mahali pa nyumba yetu nitaona mbingu tu, na Nyanya hayupo. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikitapika, na Mama akadhani ni maziwa ya shule.

Nyanya naye aliogopa, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Mtoto hutegemea kwamba kuna mtu mmoja ndani ya nyumba asiyeogopa.

Kisha akaja mwanamke wa mradi kuhesabu nani anaishi wapi. Alipogonga, Nyanya alifungua akiwa amelikumbatia shuka lake lenye sufuria, tayari kwa safari. Mwanamke yule alimtazama, akatabasamu na kuuliza tuko wangapi. Tukaandikwa. Baada ya hapo notisi ikaja, gari la kutuhamisha likaja, tukapewa nyumba ya muda mtaa mwingine, na kila walichosema kwenye bwalo la shule kikatokea kama kilivyosemwa. Siku ya kubomoa kulikuwa na uzio, na maji yakirushwa ili vumbi lisipae. Nyanya aliomba apelekwe akaone. Alisimama nje ya uzio muda mrefu, kitambaa mdomoni, mimi nimejificha ubavuni pake.

"Kumbe kuna mahali wanangoja mpaka mtu atoke," alisema.

Hapo ndipo woga wake ulipogeuka. Wale majirani walipokwenda kuuliza nafasi zao, waliambiwa kwa adabu kwamba walikuwa wameondoka kwa hiari. Kosa lao lilikuwa kuwahi. Tuliporudi kwenye jengo jipya, kati ya watu wote wa ngazi zetu, tulikuwa sisi peke yetu. Na maneno yakaanza kanisani, maana watu hawakosi la kusema: bibi yule alitutisha tukaondoka, wa kwake akawaambia wabaki. Hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu nafasi kwenye benchi alipokaa. Nyanya akaanza kusema Jumapili kwamba miguu inamuuma, na simu ikilia alitoka chumbani. Mwanamke aliyestahimili tingatinga la Nairobi alikuwa akiogopa kukutana na watu kwenye duka la nyama. Nilimwona akipungua, nikaogopa kwamba atakufa kwa aibu, na mtu anaweza.

Siku moja alikanda unga, akapika chapati, akazifunga kwa kitambaa, akamwambia Mama, "Nipeleke Lanham."

Mama Mkongo alitufungulia mlango wa kile chumba cha chini. Dirisha lilikuwa juu, dogo, unaona magurudumu ya magari tu. Magodoro yalikuwa yameegemezwa ukutani ili watu wapate pa kukaa. Nyanya hakukaa. Alisimama na chapati zake kama mtu aliyeitwa kwa chifu.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Nilikutoa kwenye nyumba yako."

Mama Mkongo alifunga mlango nyuma yetu. Kisha akasema, "Ni kweli, Mama, ulinitoa. Nililia sana. Bana bangu balilala chini hapa, hii miaka yote. Nilikukasirikia, vraiment, kweli kabisa."

Nyanya akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mi nimekimbia mara tatu katika maisha yangu," Mama Mkongo akaendelea, akikipokea kile kitambaa cha chapati mikononi mwake. "Zile mbili za kwanza, hakuna mutu alipiga hodi. Balikuwa bamekwisha kwenda, batu bote, na mi nalala. Ni weye tu ulikuja kuniamsha. Ikaa."

Nyanya akaketi, akalia kwa sauti mbele yetu sote, na Mama Mkongo akawasha maji ya chai.

Sasa wote wawili wametangulia mbele ya haki. Majengo ya matofali yamekwenda na harufu zake, na mimi nimeishi tangu hapo katika majengo mengi mapya yenye lifti na mazulia ya kijivu, mazuri, salama, yaliyopangwa na watu waliotimiza ahadi zao. Majirani zangu nawajua kwa namna wanavyofunga milango. Nikilala, nasikiliza. Mashine zikija kesho, sijui ni mlango wa nani ningeugonga, wala nani angenifungulia.